Nukta ya Shangazi

Nukta ya Shangazi ilikuwa haijasogea kwa saa kumi na moja.

Mtafiti aliitazama kwenye kompyuta, akamaliza chai yake, ndipo akamwita dereva. Hakuharakisha. Tembo hulala saa mbili, tatu, kisha husogea. Anayekaa mahali pamoja saa kumi na moja hajalala.

Walimkuta karibu na bwawa, upande wa vichaka. Uso ulikuwa umekatwa kwa shoka, pembe hazipo. Kola aliyomvisha miaka minne iliyopita, ile iliyotuma ujumbe kwa setilaiti kila saa kueleza mnyama yuko wapi, ilikuwa imetupwa kando kama mkanda mkuukuu wa suruali.

Mtafiti alivaa glavu. Akapima unyayo, akakata kipande cha ngozi, akaandika saa. Huyu alikuwa wa tatu katika miezi minne. Kwa yule wa kwanza alilia njia nzima, mpaka dereva akazima redio ya gari kwa heshima. Kwa huyu alisikia njaa tu.

Dereva alizunguka akisoma nyayo. Alisema ni wanaume wawili. Waliacha gari barabarani, wakaja moja kwa moja, wakarudi moja kwa moja.

"Hawa hawakutafuta, dada," alisema. "Walijua wanakokwenda."

Kwenye kituo chao cha utafiti watu wanne tu ndio walioweza kuziona nukta: mtafiti, dereva, fundi wa kompyuta na mkuu wa kituo. Mchana huohuo mkuu aliwaita mmoja mmoja. Fundi alikuwa likizo tangu mwezi uliopita. Shemeji yake dereva aliwahi kufungwa kwa kukutwa na nyama ya porini, na kila mtu alilijua hilo. Dereva mwenyewe alikuwa akilifanyia mzaha, akisema familia yao imegawana kazi, mmoja anawafuata wanyama mwingine anawala. Siku hiyo mzaha ule haukumchekesha mtu.

Mkuu alimuuliza mtafiti kama, kwa miaka saba aliyofanya kazi na dereva, anaweza kumdhamini.

Mtafiti alimfikiria dereva. Alimwona akiwa matopeni hadi magotini, akisukuma gari huku akiimba. Alimwona akisimamisha msafara mzima ili kobe avuke. Maneno ya kumtetea yalikuwepo, ila yalikuwa kama yako chumba cha pili, na yeye hakuwa na nguvu ya kuinuka kuyafuata.

"Sijui," alisema.

Saa tisa dereva, aliyesimamishwa kazi, alikabidhi funguo. Kabla ya hapo aliupangusa usukani kwa kitambaa, kama afanyavyo kila siku akimaliza kazi, kisha akaja kusimama mlangoni pa ofisi.

"Ungesema neno moja tu, dada." Hakupandisha sauti. "Moja."

Mtafiti alimjibu pole. Ilikuwa pole ile ya kumpa mtu uliyemkanyaga kidole. Dereva aliitikia kwa kichwa, akaondoka kwa miguu.

Mtafiti alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Jirani anayemhudumia baba yake huondoka saa sita. Kwenye sinki kulikuwa na vikombe vitatu vya chai, akaviosha, akavipanga.

Baba yake alikuwa kitini, sebuleni. Alipima ardhi kwa miaka thelathini, mpaka kiharusi kilipomlegeza upande wa kulia. Tangu augue, hakuna mtu wa kituoni aliyewahi kuja kumjulia hali, na binti yake alishaacha kuumia kwa hilo. Kilichomrudisha mzee duniani ni ramani. Aliibandika ukutani, na kila jioni binti yake humsomea tembo walipo, naye huwatia alama kwa penseli, kwa mkono wa kushoto, kwa usahihi uleule wa kazini. Jina la Shangazi alilitoa yeye, kwa kuwa tembo yule alitangulia mbele ya wenzake kama mwanamke anayekwenda kugomba.

Penseli ikishawekwa chini, mzee husimulia ya mchana kutwa: nani kapita, nani kasema nini. Binti huitikia "mm" huku akivua viatu. Kwa miezi sasa alikuwa akisikia sauti tu, maneno hayamfikii.

Leo alivuta kiti, akakaa karibu. Alimweleza habari za Shangazi, kisha za dereva, na za lile neno "sijui". Binti alipomaliza, mzee aliinuka kwa fimbo, akaufuata ukuta, akaifuta nukta ya Shangazi polepole, akapuliza vumbi la kifutio.

"Pole, mama," alisema. "Na huyo dereva kesho umfuate kwake, umwombe radhi. Mtu hukosea akichoka."

Kitu kikalegea kifuani mwa binti, mara ya kwanza tangu tembo yule wa kwanza. Aliahidi kwenda. Akafuta macho, akafungua kompyuta.

"Haya, nipe yule mwenye ndama," baba alisema, akishika penseli. "Wale wenzako wawili wa kazini walipita tena mchana. Vijana wana adabu sana. Nikawaambia tembo wa leo hujanisomea bado, wakasema si neno, watarudi kesho."