Mikono Wakati wa Maombi

Kabla watu wa mtaa wa Umoja hawajatoa neno lolote kuhusu kiwanda cha kuyeyusha betri, mtu wa kampuni iliyotaka kukijenga hapo alisema mkutano uanze kwa maombi. "Fumbeni macho, kila mtu ainue mkono, tuuombee mtaa wetu."

Jecinta aliinua wake, bado unanuka vitunguu vya kibandani. Kamera ikalia. Akafumbua jicho moja. Mpiga picha wa kampuni alikuwa amepanda juu ya kiti, analenga mikono tu.

Kumbe! Huko wanakotoa vibali, nani atajua hawa walikuwa wanaomba? Wataona mtaa mzima umekubali kiwanda.

"Shusha mkono, wee!" akamnong'oneza jirani, akimvuta kiwiko.

"Shindwe, shetani!" jirani akajibu, macho yamefumbwa, akainua na mkono wa pili.