Watoto Wasiojua Kujificha

Mama Fuko hakuwaruhusu wanawe kucheza. Walichimba tu, na kila alipoita mlangoni, "Mpo?", waliitika, "Tupo, mama!"

"Waache wacheze, shoga," alisema Panya, jirani yake wa shimo moja. "Wangu mvua ikinyesha hucheza kujificha humu ndani, jua likiwaka hucheza kujificha nje."

"Mchezo haushibishi mtu."

Siku moja akina mama walikwenda kutafuta mizizi. Chatu akaja, akaita kwa sauti laini, "Mpo?"

Watoto wa Panya walibana pumzi kwenye nyufa, kama walivyozoea mchezoni. Watoto wa Fuko wakaitika wote pamoja, kwa adabu.

Mama Fuko aliporudi, alikuta shimo limenyooka, safi, kimya.

"Mpo?"

"Tupo, mama," ilijibu sauti moja, laini, iliyoshiba.