Koti la Mteja Asiyerudi

Dobi aliificha karatasi ya hospitali, yenye tarehe na masharti yote, ndani ya koti la kijivu ambalo mwenyewe hajarudi kulichukua, mwaka wa tatu huu. Kabla ya kuificha aliifinyanga kwa hasira mpaka ikawa kama kitunguu.

Saratani ya tezi dume. Daktari alimwambia njia ni mbili na zote zinamfaa: upasuaji, au mionzi siku ishirini. Dobi alichagua mionzi hapo hapo, daktari akamsifu kwa kujiamini. Kujiamini wapi! Upasuaji ni kulazwa, ukilazwa mke anajua, na mke akijua ataanza kumtazama kama mzee wa kulishwa uji. Heri kufa, dobi aliwaza. Kisha akajirekebisha: heri mionzi.

Jumatatu saa tatu asubuhi mkewe aliacha kupekua mifuko ya nguo za wateja, kazi yake ya kila siku kabla hazijalowekwa, akaja na jagi la maji.

"Kunywa, baba watoto. Lote."

"Kwani mimi ngamia?"

"Redioni wamesema maji ni dawa."

Bahati iliyoje! Hospitali walitaka afike saa nne kibofu kikiwa kimejaa, na kwa kusahau dobi hana mpinzani. Akanywa lote, akaaga kwamba anafuata sabuni.

Ikawa ndiyo hivyo wiki nne, kila siku ya kazi: saa tatu jagi, saa nne sabuni. Alirudi hoi, mikono mitupu, akikimbilia choo kila mara. Mkewe hakuuliza lolote, hata sabuni iko wapi. Mwanamke huyu, dobi aliwaza, ukimwambia chochote anameza. Mwanzoni jambo hilo lilimfurahisha. Baadaye likamuuma, maana alimpenda, na alichoka kumdanganya.

Asubuhi baada ya siku ya ishirini, saa tatu ilipita na jagi halikuja. Mkewe alikuwa ananyunyizia shati maji, pasi mkononi, akiimba chini kwa chini.

"Mama watoto," dobi alisema, "weka hiyo pasi. Kuna kitu nataka nikuonyeshe."

"Haya, baba. Nionyeshe."

Akaenda hadi mwisho wa kamba ya nguo, akatia mkono ndani ya koti la kijivu, akaitoa karatasi.

Ilikuwa imekunjwa mara nne, pembe kwa pembe. Na ilikuwa imepigwa pasi.