Besi ya Mgongoni

Siku hizi mwanamuziki akihama bendi habebi kitu. Anakalishwa kwenye mashine saa nzima, glavu mikononi na vifuniko masikioni, na akiinuka ameshasahau kila pigo alilowahi kuipigia bendi ile.

Shamte, mpiga besi, alirudi nyumbani Magomeni adhuhuri akitoka kwenye mashine hiyo, gitaa begani. Hakutulia. Aliifungua ampu ya gitaa isiyo na ubovu wowote, akaifunga, akaifungua tena. Jumamosi bendi mpya ilikuwa inamngoja jukwaani.

"Vidole vinauma?" aliuliza mkewe, Mwanahawa, akiinuka kwenye cherehani.

"Wala. Vyepesi kama vya mtoto."

Mwanahawa akaketi mbele yake, akampa mgongo uliochoka. Tangu uchumba wao, Shamte humpigia hapo besi moja kwa ncha za vidole mpaka uchovu umtoke. Ilikuwa ya Mwanahawa peke yake, hadi mwaka juzi Shamte alipoitia kwenye wimbo wa bendi aliyoihama sasa, kutafuta sifa tu.

Vidole vikagusa mgongo, vikasimama.

"Anza basi, Baba Riziki."

"Nianze nini?"

Mwanahawa aliinuka. Kisha akamgeuza mumewe, akampigia mgongoni besi ile ile, polepole, bila kukosea hata pigo moja.

Shamte akatulia kwa mara ya kwanza siku ile. Akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Besi tamu hiyo, mke wangu. Umeitoa bendi gani?"