Upande wa Makame

Jicho la kulia la barakoa lilikaa juu kuliko la kushoto. Zamda alilitazama, akasonya, akaendelea kukata sponji ya kifua. Hakuwahi kushona hata foronya, na sasa alikuwa anajitengenezea vazi la shujaa la kuvaa kwenye tamasha la mji.

Makame, mumewe, aliingia bila hodi, mkate mkononi, ananukia udi wa nyumba ya mke mdogo.

"Leo zamu yako," alisema.

"Na wiki iliyopita ilikuwa ya nani?"

Makame aliuweka mkate mezani. Alipita chumbani kujinyoosha, akarudi mbio.

"Godoro nani kalikata?"

"Mimi."

"Upande wangu?"

"Wangu una bonde, naulalia kila siku. Wako mpya kabisa." Zamda alipaka gundi ya viatu, ikaila sponji, likabaki tundu. Akasonya tena, akachukua sindano.

"Una wazimu wewe! Mtu mzima na mabarakoa! Watu watanicheka."

"Watajuaje ni mkeo? Hata wewe ulishasahau."

"Na mimi nilale wapi?"

Zamda alijivika kile kifua, kikamkaa upande, akakikaza kwa kamba ya chandarua. Kisha akavaa barakoa, akasimama mlangoni mwa chumba.

"Nipishe," alisema Makame.

Hakumpisha. Makame akamsukuma kifuani. Mkono ulizama kwenye sponji, haukumfikia. Alipoutoa, sponji iliinuka polepole, ikawa kama haijawahi kuguswa na mtu.