Mpelelezi Aliyekufa Alfajiri

Mpelelezi alikufa saa kumi kasoro dakika nane, alfajiri ya Jumatatu, na kifo hicho ndicho kilichomweka Isidori mahabusu.

Mpelelezi hakuwa mtu. Alikuwa programu, na Hiral, fundi kompyuta wa ofisi, alimtunga mwenyewe kwa miezi mitano. Kazi yake ilikuwa umbea mtupu. Alikaa ndani ya kompyuta, na kila programu nyingine ilipoiomba mashine jambo, fungua faili hili, futa lile, yeye aliandika nani kaomba nini na kimechukua muda gani. Safari hii alikatika katikati ya umbea wake, akaacha mabaki kwenye diski na saa ya kufa: 03:52.

Dakika kumi na tano baadaye, 04:07 kwa kumbukumbu za diski, hati za makontena arobaini zikafutwa.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, mtaani Mchafukoge, mali ya Bwana Kasmir, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Tangu biashara iachiwe huru mizigo ilimiminika, na mawakala walioneana kijicho waziwazi. Kasmir hakuhitaji kufikiri sana. Saa kumi alfajiri ndani ya jengo alikuwemo mlinzi tu, Isidori.

"Kahongwa huyo," alisema. "Kamuua Mpelelezi kwanza asionekane, ndipo akafuta."

Polisi walipokuja, kila mtu aliandika maelezo yake. Hiral naye aliandika: alifika saa nne asubuhi, akakuta diski imejaa, akafuta mafaili ya majaribio yake ya zamani kwa amri moja, akaenda kunywa chai. Mchana umeme ukakatika. Uliporudi, hati hazikuwepo. Akatia sahihi.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho Isidori angepandishwa kizimbani, na mkewe, Sophia, alikuwa amekaa kwenye ngazi za ofisi tangu asubuhi na bakuli la wali alilokataliwa kituoni.

"Dada Hiral, mume wangu hata redio ananiita mimi nimtafutie stesheni," alisema. "Hiyo kompyuta ataiweza wapi?"

Maneno yale yalimchoma Hiral, akarudi kitini na kuyafungua mabaki ya Mpelelezi kwa mara ya ishirini.

Alasiri ndipo alipoliona kosa. Mpelelezi alipima muda wa kila ombi kwa kutoa saa ya kuanza katika saa ya kumalizika. Ombi la mwisho lilikuwa limemalizika saa sita kabla ya kuanza. Maskini, hakufundishwa kwamba muda unaweza kurudi nyuma, akashindwa kuhesabu na kuanguka palepale. Hakuna aliyemuua. Na ombi lenyewe lilikuwa hili: badilisha saa ya mashine, kutoka 09:52 iwe 03:52.

Aligeuza kiti. Kwenye kona, baba yake, Mzee Chandu, karani wa ofisi ile kwa miaka mingi, alikuwa akigonga mihuri.

"Baba, Jumatatu nani aliigusa saa ya mashine hii?"

"Mimi," mzee alijibu bila kuinua kichwa. "Si ulinifundisha mwenyewe? Nimeingia, wewe hujafika, naangalia, mashine inasema tisa na dakika hamsini na mbili. Tisa gani, watu hata chai hawajanywa? Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini na mbili. Nikaiwekea tatu."

"Na hukuniambia?"

"Kurekebisha saa nako kunatangazwa?"

Hiral alicheka, kisha machozi yakamlenga. Umeme uliporudi, mashine ilikuwa imewaka upya na kuisoma saa yake ya ndani, ambayo mzee hakuigusa, ndiyo maana hakuna aliyegutuka. Hapakuwa na mwizi wa alfajiri. Aliita kwa sauti, na Sophia akaingia mbio na bakuli lake, Kasmir akatoka chumbani kwake.

"Isidori hahusiki," Hiral alisema, akihema. "Hati zimefutwa saa nne na dakika saba asubuhi. Saa hiyo keshafika kwake Buguruni, kalala."

Sophia aliliweka bakuli sakafuni, akamkumbatia. Alimshukuru, akamshukuru tena, akashindwa kumwachia.

Kasmir hakuwa mtu wa kumng'ang'ania Isidori. Alitaka mkosaji tu, awe yeyote.

"Basi vizuri, twende kituoni sasa hivi wamtoe," alisema. "Lakini na huyu wa saa nne asubuhi ataingia palepale alipotoka mwenzake. Alikuwa nani kwenye mashine?"

Alivuta nakala za maelezo, akalamba kidole na kufunua karatasi ya kwanza. Hiral alikuwa bado mikononi mwa Sophia aliposikia maneno yake mwenyewe yakisomwa: "Nilifika saa nne asubuhi, nikakuta diski imejaa, nikafuta..."