Nipe Mji

"Horohoro!" alisema Mzee Idarusi, na papo hapo akajua kaharibu.

Mkewe, Mwatumu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Horohoro ya mpakani? Haya, chukua kofia. Tukianza sasa hivi, Ijumaa tumefika."

"Nimeteleza ulimi, Mama Zuleha. Niache nibadilishe."

"Mji ukishatolewa haurudi."

Kitendawili kila mtu anakijua. Ukishindwa kukitegua unampa mwenzio mji, naye anajidai kaufikia, kala pilau huko, kanywa na sharubati, ndipo akupe jibu. Lakini nyumbani kwao Usagara, mjini Tanga, Mwatumu alikuwa ameongeza sharti lake: mji unaoutaja unauendea kwa miguu. Na Idarusi, miaka thelathini karani wa bandari, alijua kila kitu duniani isipokuwa kutegua vitendawili.

Sharti lile halikuzuka bure. Kansa iliingia kwao mwaka juzi, ikawapeleka Dar, ikawarudisha. Daktari akasema imekwisha, kilichobaki ni kupima kila miezi sita. Imekwisha! Neno lile halikumwingia Idarusi. Alifunga madirisha yote. Usingizi wake ukawa wa vipande vipande, kama wa mlinzi. Sahani ikarudi jikoni kama ilivyotoka. Simu ikilia, yeye jasho. Na siku ya kipimo, barazani pale kliniki, akaanguka puu! Watu wakammwagia maji, wakampepea kwa makaratasi mpaka saa za kazi zikaisha. Wakarudi nyumbani bila kupimwa kitu.

"Mtoe nje," muuguzi alimwambia Mwatumu siku ile. "Apigwe na upepo, aone miti, aone bahari. Woga unaobaki baada ya kansa nao ni ugonjwa, na dawa yake haimo kabatini humu."

Sasa walikuwa wameitwa tena. Jumatano ijayo. Safari hii nayo ikiharibika, basi. Mwatumu hakutaka hata kuliwaza.

"Horohoro tutaikata vipande," akasema. "Leo kipande cha Raskazone."

Mlangoni wakakutana na Shadya, binti wa nyumba ya pili, kashika bakuli lililofunikwa.

"Shikamoo bibi, shikamoo babu. Mama kasema huu uji wa mgonjwa."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama mgonjwa anahamia Horohoro."

Mwatumu akaupokea uji, akaketi kizingitini, akaunywa wote. Hakumbakizia mumewe hata tone la kulambia kidole.

Walipotoka, kikapu cha machungwa alikitia mkono wa kushoto, kama desturi yake ya siku hizi. Hatua kumi hazikufika, Idarusi akamnyang'anya.

"Lete hapa! Unataka watu waseme nini?"

"Waseme nimeolewa na mbishi. Wanajua."

Idarusi akashika njia, kikapu mbavuni, anahema, lakini hakumwachia. Kila akifika kwenye kona anageuka kumtazama. Mwatumu akajifanya haoni.

Raskazone upepo ulikuwa unavuma kwenye mivinje, unasema peke yake kama mtu anayesoma barua. Idarusi akavua viatu akaketi. Alipotaka kuvaa tena, kaa mdogo alikuwa kashahamia ndani ya kiatu cha kulia, kamtolea magando. Mzee akaruka, akacheza ngoma ambayo haijapata kuchezwa Tanga nzima, kiatu huku, kofia kule.

"Muombe akufanyie nafasi, Baba Zuleha!" Mwatumu akamwambia. "Huenda kodi kashalipa!"

Idarusi akacheka. Alicheka, akakohoa, akacheka tena, kisha akamenya machungwa mawili akala. Mwatumu akageuza uso upande wa bahari, apanguse macho.

"Kitendawili," akasema alipogeuka.

"Tega."

"Mwizi kaingia kwa jirani yangu. Mimi sikuibiwa hata kijiko, lakini aliyefunga madirisha mpaka leo ni mimi."

"Konokono."

"Aa-a."

"Kobe."

"Kobe ana madirisha wapi?"

"Basi chukua Sahare."

"Sahare nimekwenda, nimekula, nimerudi. Ila jibu hili sikupi. Hili ni la Jumatano."

Kesho yake wakaenda Sahare kweli, wakatazama mikoko maji yakitoka. Keshokutwa Mikanjuni. Jumapili Mwatumu alichelewa jikoni, akasikia sauti ukumbini: "Leo hakuna kitendawili humu ndani?" Jumatatu sahani ilirudi tupu, na kipande cha papa kilichokuwa cha paka kikaliwa vilevile.

Jumatano alfajiri Mwatumu aliamka akakuta madirisha yote wazi, mapazia yanapepea. Alivaa baibui lake, akachukua kikapu.

Pale kliniki Idarusi hakutaka kukaa barazani. Mwenyewe alichagua benchi la nje, chini ya mti wa mkungu. Macho yake yalikuwa juu, anahesabu kunguru.

"Kumi na wanne," akasema.

"Kumi na watano. Yule mwizi wa mkate humhesabu?"

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoka na faili, akamwona mzee kaketi wima kama nguzo, akatabasamu.

"Leo babu hatujampepea! Alhamdulillahi." Akafungua faili. "Haya, Mwatumu Uweso, zamu yako. Ingia, bibi, tukupime."

Mwatumu akainuka, akamwekea mumewe kikapu mapajani.

"Nikitoka," akamwambia, "uwe umeshachagua mji. Na usiwe wa karibu."